Kioo na Leso

Huko Kikula, Likasi, yuko fundi mzee anayeshona suruali ya arusi kama alivyofundishwa ujanani. Hupiga bandi kwa uzi mweupe, humvalisha mteja, kisha humwambia acheze kidogo palepale mbele ya cherehani. Akiona kitambaa kinavuta gotini, hufumua na kuanza upya. Pindo hukatwa mwisho, baada ya mwili kujieleza. Vijana wengi hawana subira hiyo tena; wanaleta suti ya mtumba asubuhi, wanataka ipunguzwe kiuno kabla ya jioni.

Mji huu wa Katanga, nchini Kongo, uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi 1966, umekuzwa na shaba, na watu wa shaba walijua kuvaa. Mavazi hayo yalikuwa na nafasi yake kwenye ngoma pia. Ngoma ya beni ilitoka pwani ya Kenya, na baada ya vita vya 1914–1918 ikatapakaa bara hadi Katanga, ambako iliitwa mbeni. Huko Mombasa, kundi la beni la Skochi lilijipamba kwa kuiga Waskoti ili liwatie wivu watu wa kundi pinzani la Kingi. Waskoti wenyewe hawaendi ovyo kwenye dansi yao rasmi: mwanamume huvaa kilti ya sufu yenye miraba, na fundi hodari huyapanga marinda yake hivi kwamba miraba inaendelea kana kwamba kitambaa hakijakunjwa kamwe.

Lakini moyo wangu uko kwa kalela, ngoma iliyochezwa ng'ambo ya mpaka, Luanshya, katika Zambia ya leo, ambako mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama mwaka 1951. Vijana wa mji wa migodi walitokea Jumapili na suruali za kijivu zilizonyooshwa pasi, fulana safi na viatu vinavyong'aa. Alikuwepo "daktari" mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu kifuani. Alikuwepo pia "nesi", mwanamke pekee katika kundi, naye amevaa nyeupe. Kazi yake ilikuwa kupita kwa wachezaji na kioo na leso, kila mmoja ajitazame, ajifute jasho, ajiweke sawa, ngoma ikiendelea. Kundi zima lilikubali kwamba unadhifu wa mmoja ni heshima ya wote, likampa mtu kazi ya kuulinda.

Siku hizi kila mtu anajitazama peke yake kwenye simu, akishapigwa picha basi yamekwisha. Bwana arusi anaingia ukumbini na mkono wa koti umefika vidoleni, wala hakuna jamaa wa kumvuta kando. Fundi naye hana mwanagenzi. Muziki wa arusi zetu umekuwa mkubwa, nguo zimebaki nyuma yake, na lawama ni yetu sisi tunaobishana na mzee kuhusu bei ya siku mbili za kazi.