Karatasi ya Kura na Lugha Zilizoachwa Nje

Wapo wasomi wanaopenda kuisifu Queens, mojawapo ya sehemu tano za jiji la New York, kuwa pepo ya lugha. Ukishuka Jackson Heights, Kibengali na Kihispania vitakupokea kabla hujavuka barabara. Sawa. Lakini kusikika sokoni si kusikika serikalini, na sifa hizi huchanganya mambo hayo mawili.

Kipimo changu ni karatasi ya kura. Mnamo 1975 Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 iliongezewa kifungu cha 203. Eneo lenye raia wa umri wa kupiga kura zaidi ya 10,000, au zaidi ya asilimia 5, wa jamii moja ya lugha wasiomudu Kiingereza hulazimika kuwapa karatasi za kura kwa lugha yao (lipo pia sharti la kiwango cha elimu). Ndivyo Kibengali kilivyoingia kwenye kura za Queens mwaka 2013.

Hebu sasa tusome ufafanuzi wenyewe wa 'wachache wa kilugha'. Ni watu wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wamarekani Asilia na wenyeji wa Alaska. Basi! Krioli ya Haiti, Kiarabu, Kisomali na Kiswahili havimo. Hata wasemaji wake wafike laki mbili, kifungu hakiwatambui. Wanaodai kwamba tatizo ni uchache wa watu hawajaisoma orodha.

Jiji lenyewe limejaribu. Sheria yake nambari 30 ya 2017 inazitaka idara kutafsiri nyaraka muhimu kwa lugha 10, Kiarabu na Krioli ya Haiti zikiwemo. Kifaransa nacho kimo, ati kimfae Mwafrika wa Magharibi, hata kama nyumbani yeye ni Kifula tu!

Mtu atauliza: si mtihani wa uraia hufanywa kwa Kiingereza? Kwa wengi, ndiyo. Ila aliyetimiza miaka 55 akiwa mkaazi wa kudumu kwa miaka 15 huruhusiwa kujibu maswali ya uraia kwa lugha yake. Kwa hiyo nyanya kutoka Bukavu anaweza kuwa raia wa Marekani kwa Kiswahili, kisha akabidhiwe karatasi ya kura asiyoweza kuisoma. Kifungu cha 208 kinamruhusu kuingia na msaidizi amtakaye. Msaada huo ni wa kweli, lakini siri ya kura, ambayo jirani yake Mbengali anaitunza peke yake, yeye anaigawa na mjukuu.