“Queen”: Upande wa Pili wa Mizizi ya Haley

Wengi wetu tunamjua Alex Haley kwa “Roots” ya 1976 na Kunta Kinte wake. Waliosoma “Queen” ni wachache. Riwaya hii ilitoka 1993, mwaka mmoja baada ya Haley kufariki, na aliyeikamilisha ni David Stevens. Safari hii Haley haanzii Gambia, anaanzia Ayalandi. Kumbe bibi yake mzaa baba, Queen, kwa masimulizi ya ukoo, alizaliwa na mama mtumwa na baba wa ukoo wa Jackson, watu wa Ballybay, kaunti ya Monaghan.

Nguvu ya kitabu iko kwenye maudhui. Hadithi za koo za Kiayalandi zilizohamia Marekani tumezizoea: njaa, meli, jasho, mafanikio. Haley anaichafua picha hiyo. James Jackson aliondoka kabla hata ya Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Anatoka nchi inayotawaliwa na Waingereza, anafika Alabama, anapata mashamba, farasi wa mbio na jumba la Forks of Cypress. Na watumwa. Aliyetoka chini ya bwana naye akawa bwana. Hebu jiulize, msomaji: mateso humfundisha mtu huruma, au humfundisha kutesa?

Dosari yake? Haonyeshi mshono. Anayefuatilia ukoo wa Kiayalandi hugonga ukuta, maana mwaka 1922 hifadhi ya nyaraka mjini Dublin iliteketea vitani, na sensa za 1821 hadi 1851 zikapotea karibu zote. Marekani nako, sensa za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki. Mtumwa mwenyewe kwa kawaida hakutajwa jina. Kwa hiyo tajiri Jackson ana karatasi, Queen ana masimulizi ya wajukuu. Kitabu kinavisuka viwili hivi kana kwamba ni uzi mmoja, nasi hatujui wapi hati imeishia na wapi mtunzi ameanza.

Mtu atasema, bwana, hii ni riwaya, si faili la mahakama. Sawa. Lakini “Roots” yenyewe ilishahojiwa na watafiti wa nasaba, na kila shaka wanayoitia inamwangukia yule asiye na karatasi. Jackson hapotezi kitu. Queen ndiye anayeonekana wa kutungwa. Heshima yake ilidai mwandishi aseme wazi: hapa nilisimuliwa tu.

Kitafuteni mkisome. Halafu nenda kwa bibi yako na daftari, uligawe mara tatu: aliyoyasema yeye, uliyoyakuta kwenye hati, na uliyoyatunga mwenyewe. Riwaya itakuja baadaye.