Taa za Jana katika Usiku wa Leo: The Weeknd na Sauti ya Miaka ya 1980

Washairi wa Kiswahili wanaijua vyema tofauti iliyopo baina ya kukumbuka kwa kujipamba na kukumbuka kwa kujiuliza. Mwenye kujipamba huyachukua ya kale kama mtu achukuavyo mkufu wa bibi yake: huuvaa, husifiwa, kisha huurudisha kabatini. Mwenye kujiuliza huyachukua kama alivyoyachukua mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyezitazama nyumba za Pate zilizokuwa zikiwaka taa na sasa zimekuwa magofu, kisha akaigeukia nafsi yake na kuiuliza inaghururika na nini. Mizani hiyo ya kale yafaa kupimia jambo jipya: nyimbo za dansi zinazotungwa katika karne hii kwa sauti ya miaka ya 1980. Waimbaji waliojaribu njia hiyo ni wengi. Aliyefika mbali zaidi ni yule ajulikanaye kwa jina la The Weeknd.

Abel Tesfaye, kwani hilo ndilo jina lake, alizaliwa Toronto, Kanada, mwezi Februari 1990, na wazazi waliohama kutoka Ethiopia. Alilelewa na mama yake na bibi yake, na lugha yake ya kwanza ni Kiamhari. Umaarufu wake ulianza mwaka 2011 kwa mkusanyiko uitwao House of Balloons, alioutoa bure kwenye intaneti: muziki wa taratibu, mzito, wenye giza la chumba kilichofungwa madirisha, na juu yake sauti nyembamba ya mtu anayeungama bila kutubu. Mwezi Novemba 2019 mtu huyo huyo alitoa Blinding Lights, wimbo alioutunga pamoja na watunzi wa Kiswidi Max Martin na Oscar Holter, na mambo yakageuka. Mwendo uliokuwa wa kujikokota ukawa wa mbio, mapigo 171 kwa dakika. Mahali pa giza pakaja kinanda cha elektroniki kinachong'aa kama bati jipya juani. Albamu ya After Hours, iliyotoka Machi 2020, ikauthibitisha mgeuko huo.

Kwa hesabu ya miaka, muongo anaoukumbuka Tesfaye ulikuwa umekwisha kabla yeye hajazaliwa. Hawezi kusema kuwa anairudia ujana wake. Anaazima ujana wa watu wengine. Hapo ndipo linapozuka swali la uhakiki: je, mtu aweza kuomboleza kwa haki kitu ambacho hakukipoteza?

Jibu laanza katika fani. Muziki wa dansi wa miaka ya 1980 ulijengwa juu ya mashine zilizokuwa mpya wakati huo, kama vile ngoma za LinnDrum zilizotoka mwaka 1982 na kinanda cha Yamaha DX7 kilichotoka mwaka 1983. Ngoma ya mkono hupumua. Mpigaji huchoka, huchelewa kidogo, huwahi kidogo, na mchezaji humfuata. Ngoma ya mashine haichoki wala haimsubiri mtu. Katika Blinding Lights pigo hilo lisilo na huruma limewekewa sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi, anayeendesha gari usiku katika mji mtupu, ambaye taa za mji zimemwaka machoni hata haoni, naye anamwita mpenzi asiyekuwapo. Miguu inaambiwa icheze, na moyo unaambiwa ulie. Fani na maudhui havikubaliani, na katika kutokubaliana huko ndimo mlimo na ukweli wa wimbo: mpweke huyu anakimbia kwa sababu akisimama atajisikia mwenyewe.

Majira nayo yaliupa wimbo maana ambayo mtunzi hakuipanga. Ulifika kileleni mwa orodha ya Billboard ya Marekani mwezi Aprili 2020, wakati kumbi za dansi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya maradhi ya Uviko-19. Wimbo wa kuchezea ukasikilizwa na watu waliokaa majumbani mwao peke yao, na mji mtupu uliosimuliwa ndani yake ukawa mji mtupu uliokuwa nje ya dirisha. Ulidumu wiki 90 katika orodha hiyo, na mwezi Novemba 2021 Billboard iliutaja kuwa wimbo wa kwanza kwa mafanikio katika historia yote ya orodha hiyo.

Wapo waliousikia wakasema huu ni mwigo, na wakautaja wimbo wa Take On Me wa kundi la a-ha la Norwe kuwa ndio mama yake. Mfanano upo na hauna haja ya kukanushwa. Lakini fasihi ya pwani ya Afrika Mashariki ina neno lenye adabu zaidi kuliko mwigo, nalo ni takhmisi. Mshairi huzitwaa beti za mwenziwe wa kale, akaziongezea mishororo yake mpaka kila ubeti ukawa wa mitano. Hivyo ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyofanya kwa maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, na hakuna aliyemwita mwizi. Takhmisi huhukumiwa kwa kile ilichoongeza: ikiwa mishororo mipya imeufungua ubeti wa kale, mtunzi amerithi, ikiwa imeurefusha tu, amekopa.

Kwa kipimo hicho, kazi za Tesfaye hazilingani. Tabia ya kujenga juu ya msingi wa mwingine hakuianza mwaka 2019. Wimbo uliobeba jina la House of Balloons ulijengwa juu ya Happy House wa Siouxsie and the Banshees, uliotoka mwaka 1980, na wimbo huo wa nyumba ya furaha ya uongo ukageuzwa kuwa karamu ambayo hakuna mgeni awezaye kuiondokea. Katika albamu ya Dawn FM ya Januari 2022, Sacrifice umenukuu muziki wa I Want to Thank You wa Alicia Myers, wa mwaka 1981. Ule wa asili ni wimbo wa shukrani kwa Mungu aliyeleta mapenzi. Huu mpya ni utetezi wa mtu anayeona kuwa mapenzi yanamla wakati wake. Shukrani inasikika chini, ukaidi unaimba juu, na msikilizaji anayezijua nyimbo zote mbili anapata cha tatu ambacho hakimo katika wowote kati yake. Hiyo ni takhmisi njema. Out of Time, kwa upande mwingine, umeegemea mno Midnight Pretenders wa Mjapani Tomoko Aran, wa mwaka 1983. Ni mtamu, lakini utamu wake karibu wote ni wa Aran. Majuto yaliyoongezwa ni ya kawaida, nayo yangeweza kuwekwa juu ya muziki wowote.

Pamoja na hayo, Dawn FM ndiyo kazi ambayo kukumbuka kumefika mahali pa kujiuliza. Albamu imetungwa kama matangazo ya redio anayoyasikia mtu aliyekwama katika njia ya chini ya ardhi yenye nuru mwishoni, baina ya uhai na kinachofuata. Nyimbo zinaungana bila pengo, na mchekeshaji Jim Carrey anazungumza kama mtangazaji anayewaliwaza wafu. Jaladani mwimbaji, ambaye hakuwa amefikia hata miaka 32, ameonekana mzee mwenye mvi na makunyanzi. Muziki ni ule ule wa kung'aa wa miaka ya 1980, lakini sasa kung'aa huko kunasikika kama taa iliyosahauliwa ikiwaka katika nyumba iliyohamwa. Jina la kipande kifupi, Every Angel Is Terrifying, limetoka katika Tenzi za Duino za Rainer Maria Rilke, zilizochapishwa mwaka 1923. Si kila mchezaji dansi atalitambua, wala hailazimu; latosha kuwa limewekwa mahali pake.

Kilele cha albamu hakina ngoma. Katikati yake anaingia Quincy Jones, mtayarishaji wa Thriller ya Michael Jackson ya mwaka 1982, mmoja wa watu walioiunda sauti hii kwa mikono yao. Mzee huyo, aliyefariki Novemba 2024, haimbi wala hasifu zama zake. Anasimulia utoto uliokosa mama, na jinsi jeraha lile lilivyomfuata katika mapenzi na katika malezi ya watoto wake. Vijana wanaoutamani muongo ule kwa rangi zake wanaambiwa na mwenyewe aliyekuwamo kwamba nyuma ya rangi kulikuwa na mtu aliyeumia na akaumiza wengine. Kwa dakika hiyo moja na nusu, mkufu wa bibi unavuliwa na bibi mwenyewe anasema.

Yupo atakayeuliza Ethiopia iko wapi katika haya yote, maana mwacha asili ni mtumwa. Tesfaye amewahi kueleza kuwa alikua akiwasikia waimbaji wa Kiethiopia kama Aster Aweke na Mahmoud Ahmed, na The Hills wa mwaka 2015 unaishia kwa maneno ya Kiamhari. Katika nyimbo zake za dansi hakuna haja ya kuitafuta mizani ya Kihabeshi kwa nguvu. Lakini Waethiopia wana tizita, jina la aina ya nyimbo na la mpangilio wa sauti, na maana ya neno lenyewe ni kumbukumbu yenye shauku. Katika tizita kumbukumbu huimbwa kama mpenzi: huja bila kuitwa, hukataa kuondoka. Kijana aliyelelewa katika nyumba ya lugha hiyo hakuhitaji kuuishi muongo wa 1980 ili ajue namna ya kuutamani. Alirithi tamaa yenyewe, kisha akaipa mavazi ya mji aliozaliwa.

Hata hivyo, upo udhaifu ambao muziki hauwezi kuusitiri. Mtu akizivua nyimbo hizi ngoma na kinanda, akajaribu kuyatia maneno yake katika lugha nyingine, atakuta ghala lenye vitu vichache: usiku, taa, barabara, ulevi, upweke, na ombi la kurudiwa. Umaskini wa msamiati si kosa kwa wimbo wa kuchezea. Kosa ni umaskini wa watu. Mwanamke anayeitwa katika nyimbo hizi hana jina, hana sura, na aghalabu hana jibu. Yupo ili aponye, na asipoponya analaumiwa. Ushairi wa pwani umejaa wanawake wanaojibu, kwa mafumbo na kwa wazi, na masikio yaliyozoea majibizano hayo yatachoshwa na usemaji wa upande mmoja. Less Than Zero, karibu na mwisho wa Dawn FM, ni miongoni mwa nyimbo chache ambamo msemaji anakiri kwa maneno mepesi kuwa ubovu umo ndani yake, na kwa sababu hiyo unagusa kuliko wenziwe walio na kelele zaidi.

Mwaka 2025 Hurry Up Tomorrow iliufunga utatu ulioanzia After Hours, na sasa mgeuko huo waweza kutazamwa kama kitu kizima. Blinding Lights utabaki kuwa wimbo bora. Dawn FM itabaki kuwa kazi bora, kwa kuwa ndani yake mwimbaji ameacha kuyavaa ya kale akayapa nafasi ya kumjibu. Hili lawahusu pia wanaotunga kwa bahari za mababu. Vina vikikamilika na mizani ikitimia, mshairi amethibitisha tu kuwa ana vyombo vya wazee wake. Kazi inaanza pale anapowaweka wazee hao mbele yake na kuwauliza walichokificha.