Udongo Ndio Unaochagua Baiskeli

Anayetaka kujua baiskeli gani inafaa njia za Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, asianzie dukani. Aende mtaa wa Kasulo asubuhi, asimame pale vichochoro vinapotokea barabara kubwa, atazame kinga, kama baiskeli zinavyoitwa hapa, zinavyopita na mizigo. Nyingine zina makala, yaani makaa, yaliyotoka porini usiku, magunia yamepangwa hadi yakamzidi urefu mwenye kuyasukuma. Nyingine zina viroba vifupi vya mawe meusi, vidogo kwa macho lakini vizito kuliko makala yote yale. Msukumaji hapandi, anatembea kando, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, na macho yake yako mita kumi mbele ya tairi.

Mtaa huu dunia inaujua kwa mawe hayo. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba uwanjani kwake akakuta heterogeniti, madini yenye kobalti, na haukupita muda watu wakawa wanachimba hadi chini ya sakafu za vyumba vyao. Mwaka 2017 serikali ya mkoa wa Lualaba iliwahamisha wakazi wa sehemu moja, eneo likazungushiwa ukuta. Mengi yameandikwa kuhusu mashimo hayo. Kuhusu baiskeli zilizotoa mawe vichochoroni, mahali gari lisipoingia, sijaona mtu aliyejishughulisha nazo, na mimi ninaziheshimu kuliko chombo chochote kingine cha mji huu.

Zitazame kwa karibu. Nondo imechomelewa kwenye foku. Karia ya kiwandani imeondolewa, imewekwa ya chuma kizito. Kiti kimekaa tu kwa mazoea, kwa kuwa hakuna anayekikalia. Kengele, taa, madigadi na kila kisichobeba kitu vimeng'olewa. Lakini tairi la nyuma ni jipya, na spoku zote zipo. Mwenye franga chache amezitia pale baiskeli inapogusa ardhi, kisha akapanda juu kidogo kidogo kadiri mfuko ulivyoruhusu. Hiyo ndiyo elimu yote ya kuchagua vifaa vya baiskeli ya milimani, na imekamilika bila katalogi.

Baiskeli hiyo ya milimani yenyewe ilizaliwa hivyohivyo. Katika miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin, jimbo la California, waliokota baiskeli nzito za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, za gia moja, wakaziteremsha katika njia za vumbi karibu na mlima Tamalpais. Kuanzia 1976 walishindana kwenye mteremko walioupa jina Repack, kwa sababu breki ya kanyagio ilipata moto hadi grisi ya habu ikaungua, na baada ya kushuka mara moja tu ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Joe Breeze alitengeneza fremu yake ya kwanza ya kazi hiyo mwaka 1977. Tom Ritchey akafuata, akaziunda kwa wingi. Na ni huyo Ritchey aliyekwenda Rwanda mwaka 2005, akaona watu wanavyobeba kahawa kwa baiskeli za mbao na za chuma chakavu, akarudi nyumbani kubuni baiskeli ndefu yenye gia ya kubebea magunia ya kahawa. Mtu aliyeshiriki kuizaa baiskeli ya milimani alitambua ndugu zake wa kazi. Kwa hiyo kijana wa Kolwezi anayeipenda michezo hii asijione anaazima jambo la watu wa mbali.

Basi tuanze chini. Ardhi yetu ni nyekundu na ina tabia mbili. Wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba, ni ngumu juu na unga pembeni, na malori ya migodi hudondosha vijiwe vyenye ncha njia nzima. Mvua zikija, ardhi ileile inashika tairi na kujaza nafasi yote kati ya mpira na foku. Tairi la inchi 2.2 lenye meno yaliyoachana linatosha misimu yote miwili. La meno ya karibukaribu linageuka donge la matope. Upepo ni muhimu kuliko jina lililoandikwa ubavuni. Msukumaji wa makala hujaza hadi mwisho, na ana haki, kwani mzigo wake ungeibana tyubu kwenye rimu na kuipasua. Mwendeshaji wa kilo 70 asiye na mzigo akimwiga ataruka kila jiwe na kupoteza mshiko kwenye kona. Mimi hujaza baa 2 nyuma, na mbele pungufu kidogo. Pampu yenye saa ya kupimia ni kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu anunue, kabla ya glovu, kabla ya jezi. Kofia ngumu pekee ndiyo inayoitangulia.

Kutoka kwenye tairi tunafika kwenye gurudumu, na hapa sifa zote ni za fundi wa mtaani. Anaigeuza baiskeli, inasimama kwa kiti na usukani. Anafunga msumari kwenye foku, ncha yake ikikaribia rimu bila kuigusa, kisha anazungusha taratibu. Pale rimu inapokwaruza msumari ndipo mahali pa ugonjwa. Hakazi spoku moja kwa nguvu. Anakaza ya upande wa pili robo mzunguko, analegeza jirani zake robo, anazungusha tena. Mwisho anazipiga spoku kwa kucha moja baada ya nyingine, akiwa ameinamisha sikio: za upande mmoja zikilia sauti moja, gurudumu litavumilia, moja ikilia chini ya wenzake, anarudi kazini. Nimeona magurudumu ya bei kubwa yaliyotoka kiwandani yakilia ovyo. Lililopita mikononi mwake halilii ovyo.

Kuhusu gia, hesabu ni nyepesi na inaokoa fedha. Baiskeli ya kawaida ya mjini ina meno 44 mbele na 19 nyuma, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili na zaidi. Ndiyo maana kilimani watu hushuka. Baiskeli mpya ya milimani yenye meno 32 mbele na 50 nyuma hugeuza gurudumu chini ya theluthi mbili ya mzunguko, na unapanda ukiwa umekaa. Lakini baiskeli ya mitumba ya miaka ishirini iliyopita, yenye meno 22 kwenye gia ndogo ya mbele na 34 nyuma, inatoa karibu jibu lilelile. Miguu haijui mwaka wa kutengenezwa.

Mahali pekee ninapokuwa mkali ni foku ya springi ya bei nafuu. Ni nzito, inameza nguvu za mpandaji, vumbi letu linakula sili zake, na baada ya msimu mmoja haichezi tena. Foku ya chuma isiyocheza pamoja na tairi pana ni bora kwa kila hali mpaka mtu apate uwezo wa kununua springi ya kweli na ya kuihudumia. Fedha iliyookolewa iende kwenye breki. Diski za kebo zinatosha, kwa sababu kebo inapatikana kila soko na mafuta ya breki za baiskeli hayapatikani.

Kisha cheni, ambayo vumbi huila kimyakimya. Weka sifuri ya rula ya inchi katikati ya pini moja, hesabu pini ishirini na nne mbele: inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ukingoja ifike moja ya nane utanunua na meno ya nyuma. Kiangazi tumia mafuta mepesi na ufute yaliyobaki nje, kwani cheni inayong'aa mafuta hukusanya mchanga.

Mwili nao huandaliwa kuanzia chini. Kolwezi iko juu ya mita 1,400, hewa ni nyepesi kidogo, na anayeanza kwa kukimbizana hukata tamaa mapema. Sehemu kubwa ya mazoezi iwe mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Siku moja au mbili kwa wiki tafuta kilima cha dakika nne, panda kwa nguvu, shuka taratibu, rudia mara nne. Na siku ya kupumzika, pumzika kweli. Hapa tusiwaige wasukumaji wa Kasulo. Wao hawana siku ya kupumzika, na miili yao inalipa.

Ustadi wa kushuka haununuliwi kabisa. Pedali zilingane, nyonga zirudi nyuma ya kiti, kidole kimoja au viwili kwenye breki, macho mbali. David Kinjah aliwafundisha hayo vijana wa Kikuyu, Kenya, nyumbani kwake Mai-a-Ihii, na miongoni mwao alikuwa Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alipanda baiskeli ya milimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Hao si watu wa mbali. Ardhi yao ni nyekundu kama yetu. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Ninachokitaka kwa Kolwezi ni kidogo kuliko mashindano hayo. Siku moja ya mashindano wakati wa kiangazi, kutoka mjini kuelekea ziwa Nzilo kwa njia za vumbi, malori yakiwa yamezuiwa hadi saa sita. Daraja moja la baiskeli za milimani, na daraja jingine la kinga za mizigo, kila mmoja akibeba kiroba cha uzito uleule. Mwishoni magurudumu yote yapinduliwe na kupimwa kwa msumari, na zawadi ya tatu, yenye fedha sawa na ya mshindi wa kila daraja, apewe fundi ambaye gurudumu lake limefika likiwa limenyooka.