Mapendo ya Bella, na baba mwenye kufichwa

Katika kijitabu hiki tumezoea kuongea juu ya mila zetu: mahari, matanga, majina ya watoto. Safari hii tunachukua kitabu cha kigeni chenye kujulikana sana kwa vijana wanaosoma Kifaransa: Twilight cha Stephenie Meyer, mwandishi wa Marekani. Kilitoka mwaka 2005, na kwa Kifaransa kikaitwa Fascination. Vingine vitatu vilikifuata, cha mwisho mwaka 2008.

Mzazi akisikia ni hadithi ya wanyonya damu, atakitupa mbali. Tunamwelewa. Kwetu damu si mchezo: wazee wa Katanga walisimulia habari za batumbula, wenye kuteka watu usiku wakati wa Wabelgiji. Lakini tukisoma polepole tunaona kwamba hiki ni kitabu juu ya jamaa.

Bella, msichana wa miaka 17, anakwenda kuishi na baba yake Charlie, mkubwa wa polisi katika mji mdogo wa Forks. Baba huyu hasemi mengi. Siku moja ya barafu, anaamka mapema kufunga minyororo kwenye magurudumu ya gari la binti yake ili lisiteleze, halafu anaenda zake kazini. Bella akiona vile, machozi yanamjia. Kwetu sisi ukurasa huu unapita maneno yote matamu ya Edward, kijana mnyonya damu anayempenda.

Nyumba ya Edward nayo ni ya kutazama. Mwanzoni, hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mwingine. Carlisle, munganga wa hospitali, alimchukua Edward huko Chicago mwaka 1918, alipokuwa anakufa na mafua ya Kihispania, kwa kuwa mama yake, naye mgonjwa, alimwomba amwokoe. Esme, bibi ya Carlisle, alifiwa na mtoto mchanga. Sasa analea hawa wakubwa. Wazee wetu waliochanjana damu ili wageni wawe ndugu wasingeshangaa. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Na Bella anapowindwa na mnyonya damu mwingine, nyumba nzima inasimama, mpaka wengine wanamlinda Charlie bila yeye kujua.

Bila yeye kujua: hapo ndipo tunapokataa. Ili kumtoa baba yake hatarini, Bella anamwaga kwa maneno yaleyale ya mama yake siku alipomwacha Charlie. Tunakubali, hatari ilikuwa mlangoni. Lakini hatari inapita, siri inabaki. Katika kitabu cha nne Edward anakuja kuomba baraka ya Charlie, lakini mzee haambiwi mkwe wake ni mtu wa namna gani, wala kwamba binti yake anataka kuwa kama yeye. Nusu ya ukweli inamfikia kisha arusi, na hapo mwenyewe anaomba asiambiwe zaidi. Baraka ya mtu mwenye kufichwa, ni baraka gani?

Kwetu mahari si pesa na mbuzi tu. Kabla ya kuipokea, shangazi na wajomba wanauliza: ile nyumba ina ugonjwa gani, ugomvi gani, tabia gani? Vijana wanasema huko ni kuingilia mapendo yao. Na kweli, ziko jamaa zenye kugeuza mahari kuwa biashara. Mbele ya hao, kijana anajifunza kuficha. Lakini maulizo yale yaliwekwa ili msichana asiende peke yake. Katika hadithi hii, mwenye kumwonya Bella kama dada mkubwa ni Rosalie, wa nyumba ileile ya Edward: anamweleza alichopoteza yeye, yaani kuzeeka na kuzaa. Kazi ya shangazi inafanywa na mtu wa upande wa bwana!

Hatusemi vijana wakiache. Wakisome, na wazazi nao wakisome, kisha waulizane nyumbani: kwa nini Bella hakuweza kumwambia Charlie? Jibu la mtoto wako litakuonyesha kama wewe mwenyewe unaambiwa.