Pongezi kwa Wanaosimamia Usomaji Buterere

Usimamizi wa mtaala, yaani kazi ya kuhakikisha kwamba yaliyopangwa na wizara ndiyo yanayofundishwa darasani, ni nadra kusifiwa, ingawa katika Buterere, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura unaojulikana zaidi kwa jaa la taka la jiji na kwa mafuriko ya masika, usimamizi huo unastahili sifa maradufu. Tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005, madarasa ya umma nchini Burundi yamefurika, na shule nyingi hupokea watoto kwa zamu mbili, hali inayomwachia mwalimu muda mfupi mno wa kumsikiliza kila mmoja akisoma.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika lugha. Mtoto huanza kusoma kwa Kirundi, ambacho maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakotofautisha maana. Kisha, kuanzia mwaka wa 5 wa Ecofo, ile shule ya msingi ya miaka 9, ufundishaji huhamia Kifaransa, huku Kiingereza na Kiswahili (ambacho wengi wamekwisha kukisikia sokoni) vikiwa masomo ya kawaida. Katika hali hiyo, mkaguzi au mkurugenzi wa shule anayeketi mwishoni mwa darasa, akatambua kama mtoto anasoma kweli au anakariri tu, kisha akamshauri mwalimu faraghani bila kumfedhehesha, ana utaalamu ambao hakuna waraka wa wizara uwezao kuziba nafasi yake.