Ngozi ya Chini

Drams za kanisa la Ulaya zilitolewa nje Jumamosi mchana, zikapangwa juu ya mkeka chini ya mwembe. Ulaya ninayoisema ni ya wilaya ya Kilosa, njiani ukitoka Mikumi kwenda Kilosa mjini. Wenyeji wameusikia utani wa jina hilo mpaka wamechoka, basi nami nauacha hapohapo.

"Shikamoo, mzee. Kaa huku kwenye kivuli, kazi hii haina haraka."

Aliyenisalimu ndiye fundi. Siku nyingine ni dereva wa bodaboda, na ufunguo wake wa drams, kile kichuma kifupi chenye tundu la pembe nne, ameufunga pamoja na ufunguo wa pikipiki. Nilimuuliza kwa nini hawakufanyia kazi ndani, kwenye kivuli cha kweli. Akaonyesha paa kwa kidevu. Bati linarudisha sauti, alisema, ukishapiga mara moja huwezi kujua lipi ni jibu la ngoma na lipi ni jibu la bati.

Kati ya vyombo vyote alivyonavyo mpigaji, fundi alianza na tomu: mbili zinazokaa juu ya besi, za inchi 12 na 13, na ile kubwa ya inchi 16 inayosimama kwa miguu yake. Sneri ina nyuzi zinazochakarisha na kuficha kosa. Besi imeshindiliwa blanketi tumboni. Tomu haina pa kujificha. Ikikosewa, kila mtu kanisani atasikia kitu kama debe, hata asiyejua kwamba pana kitu kinaitwa kufungwa vizuri.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaipindua tomu, akaanza na ngozi ya chini, ile isiyopigwa.

Tunaiita ngozi ingawa si ngozi. Ni plastiki nyembamba ya poliesta, ambayo Wamarekani Chick Evans na Remo Belli waliiingiza sokoni kwa ajili ya ngoma mnamo 1956 na 1957. Kabla ya hapo drams ziliwambwa ngozi ya ndama, na mpigaji wa New York alikuwa na shida ileile ya mpigaji wa bonde la Mkata: unyevu ukija, ngozi inalegea. Mpiga ngoma wetu dawa yake anaijua tangu zamani. Anawasha moto wa majani makavu, anaikanza ngoma mpaka ngozi ikauke, sauti inapanda. Ngoma ikipigwa usiku kucha, katikati ya mchezo inarudishwa tena motoni. Plastiki hainywi maji, masika haiipati. Jina la ngozi limebaki, nami nadhani limestahili kubaki, maana kazi yenyewe ya kuiwamba haikubadilika.

Fundi alivua ngozi kuukuu, akafuta mdomo wa mzinga kwa kitambaa, halafu akazungusha kidole juu ya ukingo taratibu, macho yamefumbwa. Anatafuta kibonyeo. Mdomo ukiwa na bonde, ngozi haiwezi kukaa sawa, na hakuna ufunguo utakaoponya hilo. Hakupata kitu. Akaweka ngozi mpya, akaweka ringi, akakaza skrubu sita kwa vidole tu mpaka zote zikagusa.

Hapo ndipo ufundi ulipoanza kuonekana. Mtu asiyejua atakaza skrubu ya kwanza, aende ya pili iliyo jirani, ya tatu, azunguke. Akimaliza, ngozi imevutwa upande mmoja na ringi imeinama. Waswahili wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwenye drams huyo ndiye mwamba ngoma mbaya. Fundi aliruka. Kama tomu ingekuwa uso wa saa, alikaza saa sita, kisha saa kumi na mbili. Saa nane, kisha saa mbili. Saa kumi, kisha saa nne. Kila skrubu nusu mzunguko tu, kisha anaifuata ya ng'ambo. Nilimkumbuka mtu wa kuwamba vitanda vya kamba niliyemtazama utotoni. Kitenzi ni kilekile, kuwamba, na yeye pia hakuvuta upande mmoja bila kwenda kuuomba radhi upande wa pili.

Baada ya mizunguko michache aliweka kiganja katikati ya ngozi, akaikandamiza kwa uzito wa bega. Ikalia *kra*. Nikashtuka. Yeye akacheka: ni gundi ya pembeni inajipanga, afadhali ilie leo kuliko kesho katikati ya pambio.

Kisha akainamisha sikio. Tomu iko juu ya mto wa sofa ili ngozi ya upande wa pili inyamaze; kwa ncha ya kidole anagonga karibu na kila skrubu, vidole viwili hivi kutoka ukingoni. *Ti. Ti. Ti. Tu.* Ile *tu* imeshuka. Ufunguo robo mzunguko. Anagonga tena, analinganisha na ya ng'ambo, maana iliyoshuka huenda si yenye kosa. Wakati mwingine ni ya upande wa pili iliyozidi. Sauti ya pembeni si ile utakayoisikia ukipiga katikati, iko juu yake, na ngozi ya duara haitoi sauti zake kwa mpangilio ulionyooka kama uzi wa gitaa. Lakini zikilingana pembeni zote sita, katikati itanyooka yenyewe. Nilijaribu kusikiliza naye. Nne za kwanza nilizisikia sawa kabisa, na hazikuwa sawa. Vitabu vya shule vinaiita ile ngozi ya ndani ya sikio kiwambo. Chake kimewambwa vizuri kuliko changu.

Ngozi ya chini ilipokamilika, ndipo akageuza na kufanya yote hayo upya kwa ya juu. Nilimuuliza sababu ya kuhangaika hivyo na ngozi isiyoguswa na fimbo. Hakujibu kwa maneno. Alipiga tomu mara moja, ikalia *duuum*, halafu akaipiga tena huku kiganja cha kushoto kimegusa ngozi ya chini. *Dup.* Ndiyo jibu. Fimbo inasukuma ngozi ya juu, ya juu inasukuma hewa, hewa inaitikisa ya chini, nayo inairudisha. Ngozi mbili zikiwa sauti moja, mlio unakaa muda mrefu. Ya chini ikikazwa kuzidi ya juu kidogo, mlio unafupika na kuna kushuka fulani mwishoni, kama mama anayeitikia "eeeh" akiwa jikoni. Fundi anapenda huo wa pili. Kwaya zetu zina maneno mengi, alisema, tomu ikivuma mno inakula neno linalofuata.

Kupanga tomu tatu zisikilizane ni hesabu nyingine, na hapo kwaya ilimsaidia, kwa kuwa amekulia kwenye do-re-mi. Kubwa ni do, ya inchi 13 ni mi, ndogo ni sol. Niliporudi nyumbani nilipiga hesabu yake. Kwa kiwambo cha duara, ngozi zikiwa aina moja na mvuto mmoja, sauti hupanda kwa kadiri upana unavyopungua. Inchi 16 kwa 12 ni 4 kwa 3, yaani do na fa kamili. Inchi 16 kwa 13 inakaribia mi, pungufu kidogo. Ukiziacha hivyo, tomu mbili za juu zitakaa mi na fa, jirani mno, sikio halitazitofautisha vizuri mkono ukienda kasi. Kuitoa ndogo kwenye fa mpaka sol kunataka mvuto zaidi kwa karibu robo, kwa sababu ukitaka sauti ipande mara mbili lazima mvuto uzidi mara nne. Fundi hana habari na robo hiyo. Mkono wake uliiweka mahali pake kwa kuimba sol kimoyomoyo.

Kuhusu aina ya ngozi tulibishana kidogo. Zipo za tabaka moja, unene kama robo ya milimita, zinazolia wazi na kuitikia hata kidole. Zipo za tabaka mbili, nzito, mlio mfupi na mnene, zinazovumilia kipigo. Zipo zinazoonyesha ng'ambo kama kioo, kali mwanzoni mwa pigo. Na zipo zilizopakwa ukoko mweupe unaokwaruza, zenye joto zaidi. Mimi ningeweka tabaka moja yenye ukoko kwenye tomu zote. Kanisa dogo, ngoma haina maikrofoni, sauti ijitegemee. Fundi alikubali kwa mbili za juu. Kwa ile kubwa alikataa. "Mzee, hujawaona vijana sebene likianza. Wanapiga kama wanapasua kuni." Akaweka tabaka mbili, kwa sababu ngozi ikichanika hapa, nyingine inafuatwa Morogoro au Dar.

Nilimwelewa. Mkoa huu wa Morogoro ulitoa bendi za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, na katika muziki wa dansi wa enzi za bendi hizo aliyezungumza chini ya magitaa alikuwa mpiga tumba kwa viganja. Leo kwenye kwaya kazi hiyo imehamia kwenye tomu. Msokoto ule wa mapigo kutoka ndogo kwenda kubwa ndio unaowaambia watu wazima wasogeze viti.

Jua lilipopoa zikarudishwa ndani. Kijana wa miaka kama kumi na mitano alikaa kitini bila kuuliza, akazizungusha zote tatu kwa kishindo. Sol, mi, do. Mimi nilitaka kupiga makofi. Fundi alikuwa amekunja uso. Akamfanyia kijana ishara asimame, akaiinua ile kubwa, akapiga magoti sakafuni, akachungulia chini yake na ufunguo mkononi, ufunguo wa pikipiki ukining'inia na kugonga saruji.

"Saa nne," alisema, akairudisha nyuma kidogo. "Piga tena."